Nyiragongo inatoa moshi usiku na mchana: kwa nini basi joto la dunia lihesabiwe kwa binadamu?

Swali: Jambo, mtaalamu. Niko mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Ndosho, Goma. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tano wamegawanyika. Kundi moja linasema joto la dunia linaletwa na binadamu, kama kitabu kinavyosema. Kundi la pili linaniambia: Mwalimu, tazama ule mlima. Nyiragongo na Nyamulagira zinatapika gesi tangu kabla ya babu zetu, ziwa nalo limejaa gesi, sisi hatuna viwanda, sasa tunalaumiwa kwa nini? Wengine wameongeza kwamba jua ndilo limezidi, na kwamba wanasayansi wenyewe hawapatani. Nilikosa hesabu ya kuwajibu. Naomba hesabu, si maneno matupu.

Jibu: Mwalimu, kwanza wape haki yao hao wa kundi la pili. Wameanza na kitu wanachokiona kwa macho, na ndipo sayansi inapoanzia. Mtoto wa Goma hahitaji kufundishwa kwamba ardhi inatoa gesi. Anajua mazuku, yale mabonde ya upande wa Mugunga na Bulengo ambamo hewa ukaa (CO2) hutuama karibu na ardhi kwa sababu ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida. Mbuzi anashuka humo mzima asipande tena. Mtoto kama huyo ukimwambia "kitabu kimesema" hujamjibu. Hesabu ipo, na inafanyika ubaoni kwa chaki.

Anza na mlima. Vipimo vya gesi ya Nyiragongo hutofautiana kufuatana na mwaka na njia ya kupima, lakini kwa kawaida huangukia kwenye tani milioni kadhaa za hewa ukaa kwa mwaka. Ili kundi la pili lisiseme umewaonea, upe mlima tani milioni 10 kamili. Sasa weka upande wa pili yale binadamu wanayochoma: makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia, pamoja na simenti, vilitoa karibu tani bilioni 37 za hewa ukaa mwaka 2023. Gawanya kwa siku 365, unapata kama tani milioni 100 kila siku. Maana yake, kazi ya Nyiragongo ya mwaka mzima, hata ukiipimia kwa mkono mpana, binadamu anaifanya kwa saa mbili na nusu hivi. Ingehitajika milima 3,700 kama huo, yote ikiwaka pamoja, ili kulingana naye. Na volkano zote za dunia, za nchi kavu na zilizo chini ya bahari, kwa pamoja zinakadiriwa kutoa chini ya tani nusu bilioni kwa mwaka. Hiyo ni kama sehemu moja kwa mia ya yale tunayotoa sisi.

Kisha ziwa, kwa sababu najua watakuuliza. Chini ya Ziwa Kivu kumeyeyushwa majini karibu kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na kilomita za ujazo 60 za methani. Ni nyingi mno kwa ziwa moja. Mita moja ya ujazo ya hewa ukaa ina uzito wa karibu kilo 2, kwa hiyo zile kilomita 300 zina uzito wa tani milioni 590 hivi. Gawanya kwa tani milioni 100 za kila siku. Hewa ukaa yote ya Ziwa Kivu, iliyokusanyika kwa mamia ya miaka, inalingana na siku sita za moshi wa binadamu. Waache wanafunzi waifanye hesabu hii wenyewe, mara mbili kama ni lazima, maana hawataiamini wakisikia tu.

Hapa usiruhusu mtu atoke darasani akifikiri kwamba ziwa ni salama. Ziwa Nyos la Kameruni liliachilia hewa ukaa usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 na watu wapatao 1,700 walikufa kwa kukosa hewa. Na gesi ya Nyos ilikuwa kidogo sana mbele ya gesi ya Kivu. Hatari ya Kivu na ya mazuku ni kwamba gesi inafukuza hewa ya kupumua mahali watu walipo. Hatari ya joto ni nyingine: inategemea jumla ya gesi iliyotawanyika katika hewa ya dunia nzima. Gesi hiyohiyo inaweza kuua kijiji leo na isibadilishe chochote katika kipimo cha joto la dunia. Wanafunzi wengi wanapoteza njia kwenye mjadala huu kwa kuchanganya mambo hayo mawili.

Wako pia watakaosema kwamba lava yenyewe ndiyo inapasha hewa. Joto linalopanda kutoka ndani ya ardhi, ukiligawa juu ya dunia yote, ni kama wati 0.09 kwa kila mita ya mraba. Nguvu ya kupasha iliyoongezwa na binadamu, ikikokotolewa kuanzia katikati ya karne ya 18 hadi 2019, ni kama wati 2.7 kwa mita hiyohiyo. Ni mara 30.

Sasa swali linalofuata kwa haki: hizo tani bilioni 37 zinatokaje kwenye moshi usio na uzito? Chukua lita moja ya petroli inayoingia kwenye pikipiki ya mwanamotari. Ina uzito wa karibu kilo 0.74. Ikiungua inatoa kilo 2.3 za hewa ukaa, na lita moja ya mazuti (dizeli) inatoa karibu kilo 2.7. Mwanafunzi mwerevu atapinga: kitu chepesi kinazaaje kizito? Mwoneshe atomu. Kaboni moja ina uzito wa 12. Ikiungua inashika oksijeni mbili za hewani, kila moja 16, jumla 44. Kilo moja ya kaboni inakuwa kilo 3.67 za hewa ukaa. Uzito wa ziada umetoka kwenye hewa, haukutoka kwenye tangi. Weka alama kwenye hoja hiyo ya oksijeni, tutairudia.

Kuna hesabu nyingine ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote, maana haihitaji kujua chochote kuhusu volkano. Fikiri kasha la AVEC, lile la akiba lenye kufuli tatu. Kila juma wewe peke yako unatia faranga 40. Wengine wanatia na kutoa, hakuna anayeandika. Mwisho wa juma kasha limeongezeka faranga 19. Mtu anasimama na kusema: ongezeko hili limetoka kwa wengine. Je, inawezekana? Kama wewe umetia 40 na ongezeko ni 19 tu, basi wale wengine, wote kwa pamoja, wametoa 21 zaidi ya walizotia. Hawakuongeza kitu. Hewa ya dunia iko hivyohivyo. Ukijumlisha mafuta, makaa ya mawe, gesi na ukataji wa misitu, binadamu anatia karibu tani bilioni 40 za hewa ukaa kwa mwaka. Hewa ukaa iliyomo hewani inaongezeka kwa sehemu kama 2.4 katika kila milioni kwa mwaka, na kila sehemu moja ni tani bilioni 7.8: jumla karibu bilioni 19. Bahari, udongo na miti ndiyo inayomeza zinazobaki. Kwa hiyo viumbe, bahari na volkano, ukivijumlisha pamoja, vinapunguza gesi iliyomo kwenye kasha la hewa, haviongezi. Wanafunzi wa kundi la pili waulize hapo: kama ongezeko linatoka kwa mlima, zile tani bilioni 40 zetu zimekwenda wapi?

Kipimo chenyewe cha hewa kimepatikanaje? Kabla ya viwanda kulikuwa na sehemu kama 280 za hewa ukaa katika kila milioni ya hewa. Tunajua kwa kupima viputo vya hewa vilivyofungwa ndani ya barafu ya zamani. Charles David Keeling alipoanza kupima kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa 315 hivi. Mwaka 2024 wastani ulifika karibu 424. Watu hupenda kusema: lakini Mauna Loa nayo ni volkano! Ni kweli, na wapimaji wanalijua hilo kuliko sisi. Upepo unaposhuka kutoka kwenye kreta, kipimo kinaruka na kuyumba ndani ya dakika chache, na saa hizo huondolewa kwenye hesabu. Zaidi ya hapo, mstari uleule wa vipimo unapanda kwenye kituo cha Ncha ya Kusini, ambako hakuna volkano jirani wala mji. Mauna Loa ilipolipuka Novemba 2022 na kukata umeme wa kituo, vipimo vilihamishiwa mlima wa jirani, Maunakea, na mstari ukaendelea palepale. Karibu na sisi, kipo kituo cha Mlima Kenya, na Rwanda wana kituo chao Mugogo, ng'ambo tu ya milima hii ya Virunga.

Hata mtu akikataa hesabu zote za kutia na kutoa, hewa yenyewe ina mashahidi watatu, na utamu wa jambo hili ni kwamba kila mmoja anafunga mlango ambao mwenzake ameuacha wazi.

Shahidi wa kwanza ni kaboni 14, aina adimu ya kaboni. Inatengenezwa juu angani na mionzi inayotoka mbali, inaingia kwenye miti na wanyama, na baada ya kufa inapungua nusu kila miaka 5,730. Kitu kilichozikwa kwa miaka zaidi ya 50,000 hakina tena hata chembe ya kupimika. Mwaka 1955 Hans Suess alionyesha, kwa kupima miti, kwamba hewa ya karne ya 20 ilikuwa na kaboni 14 kidogo kuliko ya zamani: mtu alikuwa ameizimua kwa kaboni ya kale. Baadaye majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliivuruga kwa muda, lakini uzimuaji umeendelea. Shahidi huyu anasema: ongezeko halikutoka kwenye miti inayooza leo, wala kwenye mbabula za makala (majiko ya makaa ya kuni), kwa kuwa kaboni ya makala ni changa. Ni ya kale. Lakini kundi la pili watasema, na kwa haki: gesi ya volkano nayo ni ya kale. Ni sawa. Shahidi huyu peke yake hatoshi.

Wa pili ni kaboni 13. Mimea hupendelea kaboni nyepesi, 12, na kuiacha 13 kiasi. Makaa ya mawe na mafuta ni mimea na viumbe vidogo vya maji vilivyozikwa, kwa hiyo vina kaboni 13 pungufu. Gesi inayotoka tumboni mwa dunia kupitia Nyiragongo haina upungufu huo. Uwiano wake uko karibu na ule wa hewa. Kama volkano ndizo zingejaza hewa, kaboni 13 isingeshuka hivi. Imeshuka, na inaendelea kushuka mwaka kwa mwaka. Sasa unganisha: kaboni iliyoongezeka ni ya kale, na iliwahi kuwa mmea. Kitu cha kale kilichowahi kuwa mmea ni makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia. Hakuna cha nne.

Wa tatu ni oksijeni, ile niliyokuomba uweke alama. Kuchoma kunakula oksijeni. Mlima unapotoa hewa ukaa iliyokwisha kuwa hewa ukaa hauli chochote. Ralph Keeling, mtoto wa yule wa Mauna Loa, alibuni njia ya kuipima kwa usahihi, na oksijeni ya dunia inapungua kwa sehemu kama 4 katika kila milioni kwa mwaka. Hakuna wa kukosa pumzi kwa hilo, iko tele, lakini upungufu unaendana na mafuta yaliyochomwa.

Kwamba gesi hii inashika joto, hilo halikuanza na siasa za leo. Eunice Foote wa Marekani aliweka hewa ukaa kwenye chupa juani akaandika mwaka 1856 kwamba ilipata joto kuliko hewa ya kawaida. John Tyndall alipima London mwaka 1859 jinsi inavyomeza mionzi ya joto. Msuedi Svante Arrhenius alikokotoa kwa mkono, mwaka 1896, kwamba hewa ukaa ikiongezeka maradufu dunia itapanda digrii 5 au 6. Leo makadirio yako karibu na 3. Hata nyaraka za kampuni ya mafuta ya Exxon za miaka ya 1970 na 1980 zinaonyesha wanasayansi wake walikuwa wamekadiria ongezeko linalolingana na lililotokea. Kwa wanafunzi tumia mfano wa usiku wa Goma: usiku wa mawingu ni wa vuguvugu, usiku wa nyota ni wa baridi, kwa kuwa mawingu yanarudisha chini joto linalopanda kutoka kwenye ardhi. Hewa ukaa inafanya kazi ya namna hiyo, isipokuwa haionekani na haitawanyiki asubuhi.

Jua nalo limepimwa. Tangu 1978 setilaiti zinapima mwanga wake juu ya hewa, wati 1,361 hivi kwa mita ya mraba, unaopanda na kushuka kwa sehemu moja tu kwa elfu katika mzunguko wa miaka 11. Katika muda huo wote haukuonyesha kupanda kunakoweza kueleza joto lililopanda. Lakini ushahidi bora zaidi uko juu ya vichwa vyetu. Jua lingekuwa ndilo limezidi, hewa yote ingepata joto, ya chini na ya juu. Vipimo vinaonyesha tabaka la chini linapata joto huku stratosfia, tabaka la juu yake, ikipoa. Hivyo ndivyo inavyotazamiwa joto likizuiliwa chini na gesi. Mtu aliyejifunika blanketi anapata joto ndani wakati uso wa nje wa blanketi unabaki baridi. Tena usiku umepata joto haraka kuliko mchana kwa wastani wa dunia, na usiku hakuna jua.

Volkano kubwa, kwa upande wake, huipoza dunia. Pinatubo ya Ufilipino, Juni 1991, ilirusha gesi ya kiberiti (salfa) hadi stratosfia, ikatanda kama pazia, na wastani wa joto la dunia ukashuka karibu nusu digrii mwaka uliofuata. Kiberiti cha Nyiragongo na Nyamulagira kwa kawaida hakifiki huko juu. Kinarudi kwetu siku chache baadaye kama mvua chachu inayounguza majani ya maharagwe na kutoboa mabati, na maji ya mvua ya chini ya moshi huo huwa na floridi inayodhuru meno ya watoto. Hayo ndiyo madai halali dhidi ya mlima, pamoja na lava ya Januari 1977, Januari 2002 na Mei 2021. Joto la dunia halimo kwenye madai hayo.

Mtu mwingine atakuja na hoja ya zama za barafu: dunia ilibadilika bila magari. Ilibadilika kweli, kwa kuwa njia ya dunia kuzunguka jua hubadilika polepole, na hewa ukaa ilipanda kufuatia joto ikaliongezea nguvu. Ila angalia mwendo. Kutoka zama za mwisho za barafu hadi sasa, wastani ulipanda digrii kama 5 kwa miaka zaidi ya 10,000. Sisi tumepanda digrii 1.1 kati ya nusu ya pili ya karne ya 19 na muongo wa 2011 hadi 2020, sehemu kubwa ikiwa baada ya 1970. Barafu ya bara la Antaktika inaonyesha kwamba kwa miaka 800,000 hewa ukaa haikuwahi kupita sehemu 300 hivi.

Kuhusu wanasayansi kutopatana, usiwafiche wanafunzi kwamba ubishi upo. Waonyeshe uko wapi. Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, lililoundwa 1988, halikuanza kwa kusema kwa sauti kubwa. Mwaka 1995 liliandika tu kwamba ushahidi unaelekeza kwenye mkono wa binadamu unaotambulika. Mwaka 2007 likasema uwezekano unapita asilimia 90, mwaka 2013 asilimia 95, na mwaka 2021 likaandika kwamba jambo hilo halina ubishi. Hiyo ni miaka 26 ya kupanda ngazi moja moja, na kila ngazi ilipandwa baada ya vipimo kuongezeka. Kinachobishaniwa bado ni kiasi: hewa ukaa ikiongezeka maradufu, je, ni digrii 2.5 au 4? Mawingu yatafanya nini? Na kwa eneo letu la Maziwa Makuu, mvua itaongezeka au itapungua misimu gani? Kwenye swali hilo la mwisho mifano ya kompyuta haipatani, na mkulima wa Masisi anastahili kuambiwa hivyo waziwazi. Hata barafu ya Rwenzori, iliyokuwa karibu kilomita za mraba 7 mwaka 1906 na kubaki karibu 1 mwanzoni mwa miaka ya 2000, wataalamu wamebishana ni kiasi gani kilitokana na joto na kiasi gani na ukame wa hewa ya mlimani.

Mfano unaotugusa zaidi ni Kalehe, kando ya Ziwa Kivu. Mei 2023 mito ilibeba vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 walikufa. Wengi walisema mara moja: ni tabianchi. Kundi la watafiti la World Weather Attribution lilichunguza mvua hiyo na likashindwa kutoa hukumu, kwa sababu vipimo vya mvua vya eneo hili havikutosha. Tunajua kanuni: hewa ikipata joto kwa digrii moja inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, kwa hiyo mvua kubwa hupata maji zaidi ya kumwaga. Tunajua pia miteremko ile imekatwa miti na nyumba zimejengwa mdomoni mwa mito. Lakini kusema mvua ile, ya siku ile, ilizidishwa kiasi gani na binadamu, hapo hatuna namba. Mwalimu anayesema hivyo darasani haharibu hoja yake. Anaonyesha tofauti kati ya jambo lililothibitishwa na jambo lililo karibu na moyo.

"Sisi hatuna viwanda." Hapo wanafunzi wako wamesema kweli tupu. Hewa ukaa ya mafuta na makaa ya mawe kwa Mkongomani mmoja ni chini ya kilo 100 kwa mwaka. Wastani wa dunia ni karibu tani 4.7, na wa Mmarekani karibu tani 14. Neno "binadamu" kwenye kitabu linaficha tofauti hiyo, na ni vizuri waione. Kusema joto limeletwa na binadamu hakumaanishi limeletwa na mama wa mtaa wa Birere anayewasha mbabula. Nani amesababisha ni swali la vipimo. Nani alipe ni swali la haki. Na watu wengi wanakataa jibu la swali la kwanza kwa sababu wanaogopa wataletewa bili ya la pili. Ukiwatenganishia maswali hayo mawili, nusu ya ubishi wa darasa lako itatulia. Mkono wetu sisi uko zaidi kwenye msitu. Tanuri la udongo la kuchomea makala hutumia kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya makala; mti ukiachwa uote tena, kaboni hiyo inarudi, usipoachwa, imebaki hewani. Na kwenye bonde la kati la Kongo mna udongo wa majimaji wenye karibu tani bilioni 30 za kaboni, uliochorwa kwenye ramani kwa mara ya kwanza mwaka 2017. Huo ukikauka, hesabu yetu itabadilika vibaya.

Mwisho, kuhusu majaribio ya darasani. Lile la chupa mbili juani, moja yenye gesi ya siki na baikaboneti, usilitegemee. Chupa hupata joto kwa sababu nyingi: gesi nzito haizunguki vizuri, kioo si sawa, kivuli kimesogea. Matokeo yanaweza kukuunga mkono kwa sababu isiyo sahihi, na mwanafunzi mwerevu akiligundua hilo atatupa na hoja nzima. Na tafadhali, asiende mtu kukusanya gesi kwenye mazuku. Mtu akiinama humo, pumzi mbili au tatu zinatosha kumwangusha, na anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake.

Badala yake anzisheni kipimo cha mvua, kile kilichokosekana Kalehe. Chukua chupa ya plastiki ya lita 1.5 yenye kuta zilizonyooka. Kata sehemu ya juu, igeuze iwe mlizamu (faneli) ndani ya ileile, maji yasikauke juani. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo mimina simenti kidogo hadi pawe sawa, kisha bandika rula, sifuri ikae juu ya simenti. Milimita moja kwenye rula ni milimita moja ya mvua, yaani lita moja kwa kila mita ya mraba. Ifunge kwenye nguzo iliyosimikwa, mdomo ukiwa mita moja juu ya ardhi, kwa sababu matone yanayoruka kutoka kwenye mawe ya lava huingia na kuongeza hesabu. Iwe mbali na ukuta au mti angalau mara mbili ya urefu wake: ukuta wa mita 3, kaa mita 6. Someni kila siku saa kumi na mbili asubuhi, mwage, mwandike. Isafisheni majivu ya mlima kila juma, na chupa iliyopasuka isibadilishwe kimyakimya; andikeni tarehe.

Kosa linaloharibu daftari nyingi ni dogo. Siku isiyo na mvua iandikwe 0. Siku ambayo hakuna aliyepima, kama siku za likizo au siku ambazo watu walikimbia, iachwe na mstari. Ukichanganya sifuri na mstari, baada ya miaka kumi hakuna atakayejua kama Goma ilikuwa na ukame au shule ilifungwa. Wakabidhini nakala ya kila mwezi METTELSAT, idara ya taifa ya hali ya hewa, na daftari la asili libaki shuleni mahali pasipovuja.